Shimio ya asubuhi, ya alasiri au ya usiku: ulinganisho kwa mgonjwa wa Bukavu anayepaswa kuchagua

Katika vyumba vya kungojea vya hospitali za Bukavu, swali la saa ya shimio, yaani dawa za kansa, huulizwa kwa namna mbili. Mgonjwa aliyetoka Walungu, au aliyevuka ziwa kutoka Idjwi, anauliza atamaliza saa ngapi ili awahi gari au boti ya kurudi. Kijana wake, mwenye simu mkononi, anauliza jambo lingine kabisa: amesoma mahali kwamba dawa ileile, kwa dozi ileile, huweza kuuumiza mwili zaidi au kidogo kufuatana na saa inapotolewa, naye anataka kujua kama mama yake amepangiwa saa mbaya. Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa, na ugumu ni kwamba majibu yake mara nyingi huvutana.

Kwanza tuafikiane juu ya saa zenyewe. Mjini kwetu kuna wanaozihesabu tangu macheo, na kuna wanaozihesabu kwa Kifaransa, hata "saa mbili" ya mmoja ikawa asubuhi na ya mwenzake ikawa baada ya chakula cha mchana. Kwa miadi ya kanisani hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa dawa za kansa silo. Hapa nitaandika kama zilivyo kwenye karatasi ya daktari: 8h ni asubuhi, 14h ni alasiri, 20h ni usiku. Nawashauri wanaomlinda mgonjwa wafanye vivyo hivyo wanapoandikiana ujumbe.

Kwa nini saa iwe na neno

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna fundo dogo la seli linalopokea habari za mwanga na kuupangia mwili mzima zamu zake. Kila seli nayo ina saa yake ndogo, inayoendeshwa na jeni zinazoamka na kulala kwa mzunguko wa takriban saa 24. Utaratibu huo uligunduliwa kwa nzi wa matunda, na ndio uliowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Dawa nyingi za tibakemikali, ambayo wengi wetu huiita shimio, huua seli zinazogawanyika. Hazijui kubagua, kwa hiyo huipiga kansa pamoja na uboho wa mifupa unaotengeneza damu, utando wa kinywa, utumbo na mizizi ya nywele. Sasa, uboho wa binadamu kwa kawaida huwa na kazi nyingi zaidi ya kugawanya seli mchana kuliko usiku. Ini pia lina zamu zake: kimeng'enya kiitwacho DPD, ambacho huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa ya florourasili, kwa watu wengi hufanya kazi kwa nguvu zaidi usiku. Seli za kansa, kwa upande wao, mara nyingi zimepoteza mpangilio huo wa zamu. Hapo ndipo wazo lote linapotoka: dawa ipite wakati seli nzima zimepumzika au ini liko tayari kuivunja, huku kansa ikiwa haina saa ya kujificha.

Katika panya wa maabara wazo hili limethibitika vizuri mno, kwa kuwa uvumilivu wao kwa dawa zaidi ya 30 za kansa hubadilika mara 2 hadi 10 kulingana na saa. Ila panya huamka usiku na kulala mchana, na saa zake hazihamishwi tu kwa mama anayeamka alfajiri kwenda shambani Kabare. Kwa binadamu mambo yamekuwa na vipingamizi zaidi, kama tutakavyoona.

Vigezo vya ulinganisho huu

Kila chaguo nitalipima kwa mambo manne. La kwanza ni sumu, yaani kiungo gani kinanusurika zaidi au kinaumia zaidi. La pili ni uzito wa ushahidi uliopatikana kwa wagonjwa wenyewe, si kwa panya. La tatu ni namna saa hiyo inavyopatana na hospitali na maisha ya hapa: majibu ya maabara, wauguzi walioko zamu, safari, mvua, usingizi na chakula. La nne ni nani anayefaa kulichagua. Nikisema ukweli wangu, kigezo cha tatu ndicho kinachodharauliwa zaidi na wanaosoma habari za kisayansi, na ndicho kinachoamua zaidi katika mji wa milima kama wetu.

Chaguo la kwanza: serumu (dawa inayopitishwa mshipani) ya asubuhi, kati ya 8h na 11h

*Sumu.* Dawa mbili zinaipenda asubuhi kwa sababu tofauti. Doksorubisini, ile nyekundu ambayo huupaka mkojo rangi kwa siku moja au mbili, ilionekana kuvumiliwa vizuri zaidi ilipotolewa alfajiri kuliko jioni, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985. Siklofosfamidi nayo huacha mwilini takataka iitwayo akroleini, ambayo huchubua kibofu cha mkojo ikikaa humo. Anayeipokea asubuhi ana mchana mzima wa kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Anayeipokea 17h hulala na takataka hiyo kibofuni, au aamke usiku mara nne kwenda chooni. Na wengi wetu Kadutu tunajua maana ya choo kilicho nje ya nyumba, kwenye mteremko, mvua ikinyesha. Kuna pia deksamethasoni na prednisoni, ambazo huandamana na shimio nyingi ili kuzuia kichefuchefu au mzio, au kwa kuwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Zikichukuliwa asubuhi zinafuata homoni ya mwili ambayo nayo hupanda asubuhi. Zikichukuliwa jioni humwibia mgonjwa usingizi.

*Ushahidi.* Kwa siklofosfamidi na kwa deksamethasoni, sababu ziko wazi na madaktari wengi duniani huzifuata bila mabishano. Kwa doksorubisini ushahidi ni mwembamba: utafiti ule wa 1985 ulikuwa na wanawake 31 tu wenye kansa ya ovari, nao walipokea dawa mbili zikifuatana kwa saa 12, hivyo si rahisi kusema ni ipi iliyoleta tofauti. Halafu kuna habari inayokwenda kinyume. Wanasayansi wa Korea Kusini walichapisha mwishoni mwa 2022 uchunguzi wa wagonjwa wa limfoma ya seli kubwa za B, kansa ya chembe za kinga, waliopokea mchanganyiko wa R-CHOP, wenye doksorubisini na siklofosfamidi ndani yake, ama 8h30 ama 14h30. Wanawake wa asubuhi walipungukiwa zaidi na chembe nyeupe za damu na matokeo yao yalikuwa mabaya kuliko ya wanawake wa alasiri. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Uchunguzi huo ulitazama mafaili ya nyuma na haukugawa wagonjwa kwa kura, kwa hiyo ni dokezo lenye uzito ambalo bado halijawa amri.

*Hospitali na maisha.* Hapa asubuhi haina mpinzani. Daktari na mfamasia wapo, maabara inafanya kazi, na mgonjwa akipata mzio, kama unavyoweza kutokea katika dakika za kwanza za paklitakseli, dawa nyingine ya shimio, kuna mikono ya kutosha ya kumsaidia. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: kipimo cha damu. Bila kujua idadi ya chembe nyeupe, dawa haianzi, na damu iliyochukuliwa asubuhi hiyohiyo huweza kusogeza serumu ya 8h hadi adhuhuri. Anayetaka asubuhi ya kweli apimwe siku iliyotangulia, jambo jepesi kwa mkaaji wa Ibanda na zito kwa anayetoka mbali.

*Inamfaa* mgonjwa anayepokea siklofosfamidi au paklitakseli, mwenye safari ya kurudi nyumbani, na yule ambaye usingizi wake umekwisha kuvurugika.

Chaguo la pili: alasiri na jioni, kati ya 14h na 18h

*Sumu.* Dawa inayoipenda alasiri ni sisiplatini, adui wa figo na wa masikio. Katika utafiti uleule wa 1985, waliopokea doksorubisini saa 6h na sisiplatini saa 18h walivumilia vizuri; waliogeuziwa mpangilio walipata matatizo kama mara mbili, wakapunguziwa dozi na kuahirishiwa zamu za matibabu mara nyingi zaidi. Ndugu yake sisiplatini, oksaliplatini, ambayo hupewa wenye kansa ya utumbo mpana, iliwekewa kilele cha 16h katika majaribio ya Ufaransa nitakayoyaeleza chini. Na kwa wanawake wenye limfoma, uchunguzi wa Korea unaelekeza alasiri.

*Ushahidi.* Ni uleule, kwa hiyo nguvu yake na udhaifu wake ni uleule.

*Hospitali na maisha.* Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Siku ya sisiplatini haianzi na sisiplatini. Huanza na serumu ya maji ya chumvi kwa muda mrefu, ili figo zioshwe, na baada ya dawa kupita maji huendelea. Mgonjwa aliyelala kitandani 8h30 huweza kuiona dawa yenyewe ikiingia baada ya adhuhuri. Kwa maneno mengine, mpango wa kawaida wa wodi tayari unaisogeza sisiplatini kuelekea alasiri bila mtu kudai lolote, na kudai iende hadi 18h kunamaanisha maji ya baada yake kumalizika usiku wa manane, mgonjwa akiwa amelazwa na muuguzi mmoja akiangalia wodi nzima. Mimi siwezi kumshauri mtu abadilishe faida isiyo na hakika kwa hatari iliyo wazi namna hiyo.

Oksaliplatini ina mtego wake. Huwasha neva kwa baridi: kugusa chuma baridi, kunywa maji ya baridi au kuvuta hewa ya baridi huleta ganzi vidoleni na kukabwa kooni kwa siku kadhaa. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni ya msimu wa mvua, nyuma ya pikipiki inayoshuka kutoka Nyawera, upepo ni mkali hata kwa mzima. Anayemaliza serumu 17h avae glavu, afunike mdomo na pua kwa kitambaa, na kama nauli inaruhusu achukue taksi iliyofungwa vioo. Tena, deksamethasoni inayotangulia serumu ya alasiri huchelewesha usingizi wa usiku huo.

*Inamfaa* anayelazwa hospitalini hata hivyo, mwenye sisiplatini, na mwanamke mwenye limfoma ambaye makazi yake yako karibu na hospitali yenye wauguzi wa kutosha hadi jioni.

Chaguo la tatu: pampu iliyopangwa kutoa dawa usiku

*Sumu na ushahidi* hapa haviwezi kutenganishwa, maana ndipo penye hadithi ndefu kuliko zote. Daktari Francis Lévi na wenzake wa hospitali ya Paul Brousse, Villejuif, karibu na Paris, walitengeneza mpango ambao florourasili na mwenzake asidi foliniki vilifika kilele 4h usiku, wakati DPD iko kazini na utando wa kinywa umetulia, na oksaliplatini ikafika kilele 16h. Mwaka 1997 walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 186 wenye kansa ya utumbo mpana iliyosambaa. Vidonda vikali vya kinywani na sumu nyingine ya utando viliwapata asilimia 14 ya waliofuata saa, dhidi ya asilimia 76 ya waliopokea dawa kwa kasi moja mchana kutwa na usiku kucha. Ganzi ya kuzuia kazi ilishuka kutoka asilimia 31 hadi 16. Na wagonjwa ambao uvimbe wao ulisinyaa waliongezeka kutoka asilimia 29 hadi 51. Ni nadra kuona namba kama hizo.

Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 564, uliolinganisha mpango wa Lévi na mpango wa kawaida wa siku 2. Kwa jumla, urefu wa maisha haukutofautiana. Lakini walipotenganishwa kwa jinsia, wanaume walifaidika na mpango wa saa, na wanawake wakafanya vibaya zaidi kuliko kwenye mpango wa kawaida. Saa iliyopangwa kwa "binadamu wa wastani" ilimfaa mume ikamdhuru mke. Tangu hapo, yeyote anayesema "usiku dawa haina sumu" bila kuuliza ni dawa gani, na ni ya nani, amesoma nusu ya habari.

*Hospitali na maisha.* Inahitajika pampu ya umeme inayopangika saa kwa saa, kifaa kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua ili mrija ufike kwenye mshipa mkubwa, betri za akiba, na mtu wa kupigiwa simu mashine ikilia usiku. Pampu ya puto, ile ya plastiki isiyo na umeme ambayo mgonjwa huivaa kiunoni kwa saa 46, haifanyi kazi hii, kwa sababu hutoa dawa kwa kasi moja tu. Familia zinazoahidiwa "pampu" ziulize ni ya aina gani kabla ya kuuza shamba.

*Inamfaa*, kwa sasa, mwanaume mwenye kansa ya utumbo mpana anayetibiwa kwenye kituo kikubwa nje ya nchi chenye vifaa na uzoefu huo.

Chaguo la nne: vidonge vya nyumbani

*Sumu na ushahidi.* Mwaka 1985 pia, madaktari wa Montreal, Canada, walichapisha habari za watoto 118 wenye leukemia kali ya limfoblasti, aina ya kansa ya damu: waliomeza merkaptopurini na methotreksati jioni waliepuka kurudiwa na ugonjwa kuliko waliomeza asubuhi. Kwa miaka mingi wazazi duniani kote waliambiwa "jioni, tumbo likiwa tupu, bila maziwa". Tafiti za baadaye, ya nchi za Nordiki mwaka 2014 na ya Amerika Kaskazini mwaka 2017, hazikuona tofauti hiyo. Kilichoonekana kuwa na uzito ni kutokosa dozi: mtoto anayemeza chini ya asilimia 95 ya vidonge vyake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa.

Kapesitabini, kidonge kinachogeuka florourasili ndani ya mwili, haina swali la asubuhi au jioni kwa sababu humezwa mara zote mbili, kama saa 12 kati ya dozi na dozi, ndani ya dakika 30 baada ya kula. Methotreksati ya vidonge humezwa kwa kawaida mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kukosea huweza kufa, na hatari hiyo inapita mbali mazungumzo yoyote ya saa.

*Maisha.* Chagua saa inayoshikamana na jambo lisilokosekana nyumbani. Kama bugali na sambaza huliwa 19h kila siku, hiyo ni saa nzuri kwa vidonge vya kila siku. Kama jioni mama yuko sokoni hadi giza na mtoto hulala kabla hajarudi, asubuhi ni bora.

Kwa hali mbalimbali

Mama mwenye kansa ya titi anayepokea doksorubisini pamoja na siklofosfamidi ana sababu nzuri ya kuomba asubuhi, kwa ajili ya kibofu na usingizi. Akisikia habari za Korea, akumbuke kwamba zilihusu limfoma na mchanganyiko mwingine. Mwanamke mwenye limfoma hiyo hasa, anayetibiwa kwa R-CHOP, anaweza kumwuliza daktari kwa heshima kama nafasi ya alasiri ipo. Akijibiwa kwamba jioni hakuna wauguzi wa kutosha, jibu hilo ni la kitabibu kama lilivyo jingine, na asubuhi yenye uangalizi ni salama kuliko alasiri isiyo nao. Akipewa alasiri, anywe maji mapema na kwa wingi, akojoe kabla ya kulala.

Anayepokea sisiplatini asipoteze nguvu kubishania saa. Nguvu hizo azitumie kuuliza lita ngapi za maji zitapita kabla na baada, kreatinini yake ya wiki hii, yaani kipimo cha kazi ya figo, ni ngapi, na mkojo wake utapimwa vipi. Maji hulinda figo kwa hakika kuliko saa.

Mlinzi wa usiku, sentineli aliyezoea kulala mchana kwa miaka, amwambie daktari kazi yake kabla ya jambo lolote, kwa kuwa asubuhi ya ukutani si asubuhi ya mwili wake, na hata ushauri wa kumeza prednisoni 8h unaweza kumwamsha wakati ambapo yeye ndipo anapolala.

Anayetoka mbali asiahirishe zamu hata siku moja kwa ajili ya kungojea saa nzuri. Ratiba ya wiki 2 au 3 kati ya serumu na serumu imesimama juu ya ushahidi mwingi kuliko saa za siku. Afike jioni ya kuamkia, alale kwa ndugu, damu ipimwe mapema. Akisharudi kijijini, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 ambapo chembe nyeupe hushuka zaidi, joto la mwili likifika 38 asingoje kupambazuke wala boti ya kawaida: homa hiyo ni ya kwenda nayo hospitali saa ileile, hata ikiwa ni 2h usiku.